Waliniuliza Mara Tatu Kama Ndanu Ni Wangu

Nina miaka thelathini na tatu. Ni dobi hapa Mlolongo, nafua na kupiga pasi nguo za wapangaji wa maghorofa, na naishi peke yangu. Lakini nilikuwa na mke! Nilikuwa na binti! Sikunyang'anywa na kifo, wala na mwanamume mwenzangu, ingawa mwanamume yupo katika kisa hiki. Nilinyang'anywa na mdomo wangu mwenyewe... uliokataa kufunguka.

Majina yote nimeyabadilisha. Mimi niiteni Mutisya. Ukitaka kunicheka, cheka. Nimeshachekwa na watu ninaowajua kwa sura, sembuse wewe nisiyekujua? Lakini soma hadi mwisho, hasa kama unatembea na kitu mfukoni unachokivuta ili uweze kusalimia watu.

Nilizaliwa Ndithini, kwa mama mkulima wa ndengu na mbaazi. Baba alifariki nikiwa mdogo sana. Tangu nipate akili, niliogopa watu. Simaanishi haya ya kawaida ya mtoto, la! Mgeni akibisha hodi, moyo ulinienda mbio, viganja vikalowa, koo likafunga kabisa. Kabla hajakaribishwa kiti, mimi nilikuwa nimeshatoka kwa mlango wa nyuma na kujificha nyuma ya ghala.

Na mama alifanya nini? Alinisifu! "Huyu mtoto wangu ako na nthoni," aliwaambia wageni, nao wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nthoni kwetu Wakamba ni ile haya ya heshima mbele ya wakubwa na wakwe. Ni sifa njema sana. Mtoto mwenye nthoni ni mtoto aliyelelewa. Basi ugonjwa wangu ukapewa jina zuri... nani tena angeutafutia dawa?

Darasa la sita, mwalimu alikuwa akiita majina kwenye rejista. Nilikuwa nimeketi pale pale, safu ya pili. Akaita jina langu. Sauti haikutoka. Akaandika kwamba sikufika. Ilikuwa hivyo wiki nzima, hata mama akaitwa shuleni kuulizwa kwa nini mtoto wake hahudhurii masomo! Alicheka njia nzima tukirudi nyumbani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikijiuliza itakuwaje nikiwa mtu mzima.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kazi katika kiwanda kimoja cha nguo kule EPZ, eneo la viwanda la Athi River. Kazi yangu ilikuwa kupiga pasi kola za mashati. Wenzangu walilalamika kuhusu kelele. Mimi niliipenda! Mamia ya mashine yakinguruma, nani atakusemesha? Hata akikusemesha, nani atasikia? Ningeweza kufanya kazi pale hadi nizeeke.

Shida ilikuwa saa ya chakula. Mashine zilipozimwa, watu walikaa vikundi vikundi, wakala, wakataniana. Mimi nilikula nimesimama nyuma ya vyoo. Mwaka mzima! Hapo ndipo aliponikuta Kioko, kijana mmoja mkata vitambaa, mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi.

"Buda, unakula na nzi?" akaniuliza. "Kuja. Mimi niko na dawa yako."

Dawa yenyewe ilikuwa msokoto wa bangi. Tulienda kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, si mbali na ukuta wa kiwanda. Nilivuta, nikakohoa hadi machozi yakanitoka. Kisha, wasomaji wenzangu... nitawadanganya nikisema ilikuwa mbaya. Ilikuwa amani! Lile koo lililofungwa tangu utotoni likafunguka. Nikaingia katika kihoteli cha mama mmoja, nikasema kwa sauti, "Mama, ongeza supu, hii umepimia mtoto!" Watu wakacheka. Hawakunicheka mimi, walicheka pamoja nami. Siku hiyo nilisalimia watu kumi na mmoja. Niliwahesabu.

Watu husema bangi ni ya wahuni. Sikuwa mhuni. Nilikuwa mwoga, na mwoga akipewa ujasiri wa bure hawezi kuuliza bei yake.

Mwende alikuwa upande wa vifungo. Alinipenda kwa sababu ya vichekesho vyangu. Fikiria hilo! Mimi, Mutisya, niliyeshindwa kuitikia rejista, nilipendwa kwa sababu ya mdomo! Siku niliyomwambia nampenda nilikuwa nimevuta mara mbili kabla ya saa sita. Hakujua. Nilitafuna majani ya mwarobaini na peremende hadi ulimi ukafa ganzi.

Tukaanza kuishi pamoja hapa Mlolongo, kisha Mungu akatupa Ndanu. Mtoto mweupe wa moyo, mwenye kucheka hata akipigwa na jua. Nilimpenda mtoto huyo kuliko pumzi yangu. Naomba mniamini katika hilo, hata kama mengine yote mtayakataa.

Lakini ndani ya nyumba mlikuwa na wanaume wawili. Mmoja mchangamfu, aliyetoka machimboni na macho mekundu akisema ni mvuke wa pasi. Mwingine alinyamaza kuanzia jioni hadi asubuhi, akiangalia sakafu. Mwende alimwogopa huyu wa pili. Aliniuliza mara nyingi, "Ukinyamaza hivyo mimi hufikiria nimekukosea. Kwani nimefanya nini?" Nilitaka kumwambia hajakosa kitu, kwamba huyu anayenyamaza ndiye mume wake halisi, na yule mwingine ni moshi tu. Sikumwambia. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Kidogo kidogo dawa ikageuka. Mwanzo nilivuta ili nikae na watu saa ya chakula. Kisha ikawa siwezi kwenda kwa kinyozi bila kuvuta. Kisha kanisani. Kisha hata kununua sukuma wiki kwa mama wa kibandani, mwanamke aliyeniita "mwanangu", nilihitaji kuvuta kwanza! Hofu niliyokuwa nayo Ndithini ilikuwa mtoto. Hii niliyoilisha moshi ilikuwa imeota ndevu.

Siku moja Ndanu alikuwa na homa. Mwende alikuwa kazini, nami nilikuwa likizo, kwa hiyo nikampeleka zahanati mimi. Tulipofika mbele ya muuguzi, akauliza swali rahisi kabisa: mtoto ana miaka mingapi, na homa ilianza lini? Sikuwa nimevuta siku hiyo. Watu walikuwa wamejaa benchini, wote wakinitazama... au nilidhani wananitazama. Koo likafunga. Je, mnajua nilifanya nini? Nilimkalisha mtoto mgonjwa wa miaka mitatu kwenye benchi, kando ya mama nisiyemjua, nikatoka nje kutafuta mahali pa kuvuta!

Nilirudi baada ya nusu saa. Ndanu alikuwa amelia hadi sauti imekauka. Yule mama alinikabidhi mtoto, akageukia upande wa pili. Mwende nilimwambia foleni ilikuwa ndefu.

Hapo ndipo ningeacha. Sikuacha.

Sasa niwaeleze kuhusu ntheo, kwa wale wasiojua mila zetu. Mkamba anaweza kukaa na mwanamke miaka kumi, azae naye watoto saba, ajenge na nyumba ya mawe. Kama hajapeleka mbuzi watatu wa ntheo kwa kina mwanamke, hana mke. Ana mgeni. Na watoto hao ni wa babu yao mzaa mama. Si mali inayotafutwa pale, ni mbuzi watatu tu! Lakini mwanamume lazima aende na wazee wake, asimame mbele ya ukoo mzima wa mke, ajitaje jina, aseme amekuja kutafuta nini.

Asimame. Mbele ya ukoo mzima. Aseme.

Mmeelewa sasa kwa nini miaka mitano ilipita? Baba yake Mwende, Mzee Musyoka wa Kangundo, alipanga siku tatu tofauti. Ya kwanza nilisema naumwa mgongo. Ya pili nilisema kiwanda kimeninyima ruhusa. Ya tatu nilizima simu. Watu wakadhani sina mbuzi! Mama yangu, maskini, akadhani hivyo pia. Akafuga watatu mwenyewe kule Ndithini, akawanenepesha kwa maganda ya mbaazi, akanipigia simu kwa furaha: "Mwana wakwa, mbuzi ziko tayari. Sasa sababu ingine iko wapi?"

Sababu nyingine haikuwapo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na Mwende alikuwa ameshachoka. Aliniambia bila hasira, jambo lililoniogofya zaidi, kwamba Ndanu akianza shule bila ntheo, atampeleka akaandikishwe kwa jina la babu yake.

Siku ya ntheo ikafika. Jumamosi, jua kali. Nilivuta asubuhi kabla ya kutoka Mlolongo. Nikavuta tena nyuma ya duka tulipofika Kangundo, wakati wajomba zangu wakiwashusha mbuzi kutoka kwenye pikapu. Kile kiasi cha kawaida hakikunitosha tena. Nikaongeza. Nikaongeza tena. Msokoto mwingine nikauweka katika mfuko wa koti, wa akiba.

Wasomaji, yale ambayo hawasemi wanaokupa bangi ni haya: ile ile inayofungua koo leo, kesho inaweza kukufungulia jehanamu. Niliingia katika boma lile na kila kicheko kikawa cha kunicheka. Akina mama walipiga vigelegele, mimi nikasikia matusi. Shemeji zangu walinong'onezana kuhusu viti, mimi nikasikia wakipanga kunipiga. Moyo ulikuwa ukigonga hadi kwenye meno.

Siku hizi, ntheo ina mchezo tuliouazima kwa majirani zetu. Wanawake watano sita hufunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni, mwanamume anachagua mke wake. Akikosea anatozwa faini ndogo, watu wanacheka, sherehe inanoga. Mchezo tu! Niliitwa mbele. Zaidi ya watu mia moja walikuwa wakiangalia. Wanawake sita wasio na nyuso wakasogea kuelekea kwangu wakiimba na kutingisha mabega.

Nilipiga ukelele. Nilisema wananiletea maiti. Nikararua leso ya wa kwanza, alikuwa shangazi yake Mwende, nikamwita mchawi. Nikararua ya pili. Ndipo mama yake Mwende akatoka jikoni mbio, mikono ina unga, akinyoosha viganja kunituliza. "Mwanangu, polepole, ni sisi..." alisema.

Nilimsukuma.

Alianguka juu ya mawe ya jiko la nje. Mkono ulivunjika, tulisikia sote. Kwetu mama mkwe hata njiani hupishani naye ovyo, humtazami machoni, huketi alipoketi. Mimi nilimtia mikono kifuani mbele ya mume wake, wanawe na kanisa lake! Shemeji zangu wakanirukia, tukang'ang'ana, na katika kung'ang'ana ule msokoto wa akiba ukadondoka kutoka mfukoni, ukatua kwenye vumbi mbele ya viatu vya wazee.

Mzee Musyoka aliuokota. Akaunusa. Akamtazama binti yake.

"Ulijua?" akamuuliza.

Mwende alitikisa kichwa kukataa. Alikuwa bado ana leso mabegani. Alikuwa wa tano kwenye ule mstari... na sikumfikia.

"Fungueni mbuzi zao," Mzee akasema. "Waende nazo."

Je, mmewahi kuona mbuzi wa ntheo wakirudishwa wazima? Mimi sijawahi kusikia kabla ya yangu. Mama yangu alitembea nyuma yao hadi kwenye pikapu, akiwaswaga kwa kijiti, ameinamisha kichwa. Hakunigeukia. Alisema tu, "Aiya, Ngai," mara moja, akapanda mbele na dereva.

Mwende hakurudi Mlolongo. Alibaki Kangundo na Ndanu kumuuguza mama yake. Nilipompigia, alisema jambo moja ambalo bado linanila. Alisema angeweza kusamehe bangi. Hata mkono wa mama yake, labda, siku moja. Lakini hawezi kusamehe kwamba aliishi miaka mitano na mtu ambaye hakuwahi kukutana naye. "Mimi nilipenda nani, Mutisya? Niambie jina lake."



Niliapa kuacha. Siku mbili sikuvuta. Siku ya tatu nilishindwa kutoka nje ya chumba hata kuteka maji, kwa sababu jirani alikuwa akifua mlangoni kwake. Nikamtumia Kioko ujumbe, akaniletea. Wiki zikapita. Kiwandani walinitafuta, sikupokea simu. Nikafutwa. Nilikuwa nalala mchana, nakula mkate mkavu, navuta ili nisifikiri kwamba navuta. Kuna siku nilikaa tu nikiangalia kamba ya nguo dirishani nikiwaza mambo ambayo sitayaandika hapa. Kilichonizuia ni kiatu kimoja cha Ndanu kilichobaki chini ya kitanda. Niliogopa kwamba atakuja kukiulizia.

Mwaka ulipita hivyo. Kisha Mzee Musyoka akanipigia yeye mwenyewe.

Aliniambia amekuja mwalimu mmoja, mtu aliyefiwa na mkewe, anamtaka Mwende, na Mwende amekubali. Wazee wa mwalimu wataleta ntheo. Lakini yeye Mzee ni mtu wa haki, hataki maneno baadaye. Kabla ya mbuzi za mwalimu kupokelewa, mimi niende niulizwe mbele ya wazee wanne kuhusu Ndanu.

"Kwa mila, mtoto ni wangu, hukuleta kitu," akasema. "Lakini damu ni yako. Ukisema unamtaka, tutakaa chini. Utaleta mbuzi ya kumsafisha mama yako mkwe ile aibu, na mtoto atabaki na jina yako, akuje kwako shule zikifungwa. Usiposema, anaenda na mama yake kwa mwalimu, na yeye ndio baba. Na Mutisya... kuja na macho safi. Ukikuja umevuta, hata geti sitafungua."

Niliacha bangi siku ile ile! Siku kumi na moja zilibaki. Siku kumi na moja za jasho, kutapika, ndoto za kutisha. Sikuvuta hata mara moja. Nilikuwa nimejiandalia sentensi moja tu: "Ndanu ni mtoto wangu, ninamtaka." Nilikuwa nimeanza udobi, basi niliisema kwa mashati ya watu nikiyapiga pasi. Niliisema kwa ukuta. Nilimtamkia mama kwa simu, akalia, akasema, "Hivyo hivyo, mwana wakwa. Sema hivyo hivyo."

Nikaenda Kangundo. Macho yalikuwa safi kama ya mtoto mchanga. Mzee alinitazama, akafungua geti.

Wazee wanne walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki chini ya kivuli cha nyumba. Mwalimu alikuwa amekaa kando kidogo, kofia magotini, mtu mpole, sikuweza hata kumchukia. Mama mkwe alikuwa mlangoni, mkono wake umepona lakini umepinda. Mwende alisimama nyuma ya baba yake. Ndanu nilimsikia akicheza nyuma ya nyumba, anaimba wimbo wa shule.

Mzee Musyoka akauliza. "Mutisya, mbele ya hawa wazee. Ndanu, unamtaka, ama aende?"

Nikafungua mdomo.

Wasomaji wenzangu... hakuna kilichotoka! Koo lilikuwa limefungwa kama lilivyofungwa siku zote kabla ya Kioko kunikuta nyuma ya vyoo. Miaka tisa nilikuwa nimemwachia moshi anisemee. Sasa moshi haukuwapo, na mimi mwenyewe sikuwa nimejifunza hata neno moja! Jasho lilinitiririka mgongoni. Ile sentensi niliiona, niliweza kuisoma kichwani mwangu herufi kwa herufi, lakini ulimi ulikuwa wa mtu mwingine.

Mzee mmoja, mkubwa kuliko wote, akasogeza kiti. Akauliza kwa upole, nadhani alidhani sijasikia. "Kijana, mtoto unamtaka?"

Nilitikisa mabega. Nilitaka kutikisa kichwa kuitikia, shingo ikakataa, mabega ndiyo yaliyotingishika... kama mtu anayesema hajali. Nikaona uso wa Mzee Musyoka ukikunjamana.

Mara ya tatu hakuuliza mzee. Aliuliza Mwende. Mwanamke hakutakiwa kusema pale, na baba yake aligeuka kumkemea, lakini alisema. "Mutisya, sema. Hata neno moja. Sema tu jina lake."

Sikulisema.

Kitu kilichonitoka kilikuwa kama kikohozi. Nikasimama, nikapita katikati ya wazee, nikaenda getini. Nyuma yangu nikasikia yule mzee mkubwa akisema, "Amenyamaza. Basi, amekubali aende." Na Mwende akilia. Hadi leo sijui alikuwa akilia kwa sababu gani, na sitathubutu kuuliza.

Wiki mbili baadaye mbuzi za mwalimu zililiwa.

Mama yangu hakunilaumu. Alisafiri kutoka Ndithini hadi kwangu, akaketi kitandani, akasema kosa ni lake kwa sababu yeye ndiye aliyenisifu nilipokuwa nikijificha. Nilimwambia si kweli. Lakini yeye ndiye aliyenishika mkono tukaenda kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya serikali. Aliongea badala yangu. Muuguzi pale hakunihubiria. Alisema hofu ya watu ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, una matibabu, na wengi wanaoshikwa na bangi walianza wakijitibu hofu hiyo kimya kimya. Alisema kila nilipovuta kabla ya kukutana na watu, nilijinyima nafasi ya kugundua kwamba watu hawaniui. Ndiyo maana hofu yangu haikupungua, ilikomaa tu.

Miaka miwili sasa sijavuta. Nahudhuria kliniki, nakaa na wenzangu sita kwenye duara, na kila wiki lazima kila mmoja aseme kitu. Wiki kadhaa za kwanza nilisema jina langu tu, nikakaa. Sasa nasema zaidi. Siku nyingine nashindwa. Wateja wa nguo nawapokea mwenyewe, nikitokwa na jasho, na hakuna aliyekufa.

Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Ndanu ana miaka saba, anaandika jina la mwalimu kwenye madaftari yake. Mwende aliniambia hivyo kwa ujumbe mfupi, kwa wema, ili nisilisikie kwa watu. Nilimwandikia asante. Nikafunga mlango nikalia hadi mteja akagonga.

Wazazi, nawaomba! Mtoto anayejificha wageni wakija, msikimbilie kumsifu kwa adabu. Mkalisheni, mumuulize moyo wake unakwendaje. Vijana, wewe unayekula peke yako nyuma ya vyoo, wewe unayevuta kwanza ndipo uende kwa wakwe, kwenye mahojiano ya kazi, kanisani... acha leo! Si kwa sababu polisi watakukamata. Acha kwa sababu itafika siku ambayo utatakiwa kusema jambo moja tu la maisha yako, kwa sauti yako mwenyewe, na hutaipata. Tafuta daktari, tafuta muuguzi, tafuta hata rafiki mmoja umwambie, "Mimi naogopa watu." Sema ukigugumia. Sema ukitetemeka. Sema jasho likikulowesha shati mbele ya wote. Watakusubiri.

Mimi walinisubiri mara tatu.